Moshi wa Barazani, Pangani

Dada Naomi, shikamoo.

Tangu nikiwa chuoni nasumbuliwa na swali moja: sheria ambayo mji mzima umeifumbia macho, mgeni aifuate sheria au aufuate mji?

Asubuhi hii nilikaribishwa kahawa barazani. Pembeni, mzee Bakari, mkata mkonge aliyeumia mgongo shambani, alikuwa akivuta kiko. Nikamwuliza kwa sauti, “Baba, hiyo si bangi?” Muuza kahawa akaninong'oneza, “Mwanangu, hapa tunaulizana hali, hatuulizani moshi.” Lakini askari aliyekuwa akipita alikwisha kusikia. Akamchukua mzee, kikombe cha mzee kikabaki kingali kikifuka.

Nimeghadhibika, Dada! Ng'ambo ya njia, meneja wa shamba lile lile alikuwa akinywa wiski saa nne ya asubuhi, na askari yule yule akampigia saluti.

Nilikwenda kituoni kumwombea mzee, nikafukuzwa. Nailaumu sheria, ila kinywa kilichosema hakikuwa cha sheria.

Wabusu wanao kwa niaba yangu. Swali langu limebaki palepale, kwa kuwa mwenye haki ya kulijibu bado yumo mahabusu.

Mdogo wako akupendaye,
Miriamu