Sanamu ya Ngoma Tuliyoichora Dukani

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nimekukumbuka leo nikiwa kazini, mbele ya kompyuta. Nimekumbuka siku ile ya miaka ya tisini ulipokuja Shinyanga mjini, ukaingia dukani nilikokuwa nafanya kazi na sanamu yako ya ngoma mgongoni, umeifunga kwa kitenge kama mtoto. Wateja walicheka. Wewe uliwasalimia wote, kisha ukaniita mama kwa Kisukuma chetu, "Mayu, wadudu wanaimaliza. Ichore kwenye mashine yako kabla haijaanguka vipande."

Kuchonga nyingine usingeweza tena. Mikono ilikuwa inatetemeka, hata kikombe cha chai ulikishika kwa yote miwili. Na ile sanamu nilikua nikiiona kila baada ya mavuno: mwanamke wa mti mwenye shanga shingoni, wachezaji wakimwinua juu ya vichwa vya watu, mikono yake ikipanda na kushuka kwa kamba, vigelegele kila upande.

Tajiri wangu, Mzee Karim, alikuwa na kompyuta moja tu ya kutengenezea kadi za harusi. Alikuvutia kiti. "Karibu mzee wangu. Binti, mchoree baba yako, kazi nyingine zitasubiri."

Nikaanza. Kipanya kilikuwa kigumu, mistari ikayumba. Wewe hukukaa, ulisimama nyuma yangu ukinisahihisha.

"Paji la uso lipandishe. Hapo kwenye shavu weka kishimo. Hapana, shingo alikuwa anaiinamisha hivi."

Ukaonyesha kwa shingo yako mwenyewe.

Tulipofika mabegani umeme ukakatika. Nilikuwa sijahifadhi kitu, kazi yote ikapotea. Nilitaka kulia. Wewe ulisema tu, "Sasa umeshamzoea. Utaanza tena."

Umeme uliporudi nikachora upya, na mara hii uso ulikuja wenyewe. Nikageuka nikakuuliza, "Baba, huyu ni nani?"

Mzee Karim akatoka, akasema anafuata chai.

"Ni mama yako."

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Picha yake haikuwepo, na nyumbani jina lake hukulitaja. Miaka yote nilidhani alikukosea jambo.

"Kusema nilishindwa," ukaniambia, "nikachonga. Alipenda ngoma kuliko chakula. Nikaona asikose hata moja."

Ulichagua mwenyewe rangi ya ngozi yake. Tulijaribu kahawia nyingi mpaka ukasema, "Acha hapo." Printa ilipomtoa, ulimshika pembeni mwa karatasi ukampuliza wino ukauke. Kisha ukakaa kwenye benchi ukanisimulia mpaka duka likafungwa: alivyokuwa mbishi, alivyocheka mpaka anakaa chini, alivyokataa majina yote ya shangazi zako akanipa alilotaka yeye.

Sanamu ilicheza mwaka ule, mkono ukakatika katikati ya uwanja, ukaizika nyuma ya nyumba bila maneno mengi. Masika yaliyofuata tukakuzika wewe.

Nilikukasirikia kidogo, baba, kwa kuchelewa kuniambia. Hasira imeisha. Kilichobaki ni shukrani kwamba ulipanda basi ukaja.

Zamani watu wakiniuliza nimefanana na nani, nilisema sijui. Siku hizi nasema nimefanana na mama, na wakikaa, nawasimulia.

Lala salama. Msalimie, mwambie namfahamu.

Ni mimi, binti yenu.