Tumbo Lililokaa Kimya

...na lile swali lako, dada, kama ndoa ni tamu: tamu mno! Miezi miwili sasa, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni nakimbilia kioo. Nisamehe nimeanza na hayo kabla ya kukuamkia. Shikamoo, dada yangu mpenzi. Mgongo unaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi ni wazima wa mwili.

Mume wangu, ambaye wodi nzima ya watoto inamwita Masikio, kazi yake ni kukaa kutwa katika chumba kidogo cha hospitali na spika za masikioni. Mimi ndiye ninayempelekea cha kusikiliza. Mtoto akipasuliwa tumbo hapewi kitu mdomoni mpaka utumbo uanze tena kufanya kazi. Basi nabandika kinasa sauti, kidogo kama kifungo cha koti, karibu na kitovu kwa dakika kumi. Masikio husikiliza na kuandika: kimya, au umeamka. Manesi wenzangu wanatutania eti tunatumiana barua za mapenzi kwa matumbo ya watoto. Nami nacheka, maana kila nikimkabidhi kinasa hunishika vidole.

Jumanne nilimpima binti wa miaka mitatu, aliyepasuliwa kwa sababu utumbo ulijisokota. Sheria ni mtoto alale chali, asiguswe. Lakini alilia, na kilio huharibu kila kitu. Nilijaribu mara tatu. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amekwenda kufua nguo. Nikamkumbatia taratibu, tumbo lake likigusa langu, akanyamaza, akasinzia. Dakika kumi zikapita bila kilio. Nilijisifu moyoni.

Masikio akaandika kwamba utumbo umeamka. Daktari akaruhusu maziwa. Jioni binti akatapika kijani, tumbo likavimba, likawa gumu kama ubao. Wakamrudisha chumba cha upasuaji. Jumatano asubuhi akafariki. Mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumbembeleza mwanawe, akasema hata yeye asingeweza kumtuliza vile.

Daktari mkuu alipouliza nani alisikiliza, Masikio alijibu kwamba ni yeye, kwamba alichoka akasikia vibaya. Wamemsimamisha kazi. Yuko nyumbani anapiga pasi sare zangu.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Jumanne ile sikuwa nimekunywa hata chai; tulichelewa kuamka, unajua mambo ya maharusi. Tumbo langu liliunguruma asubuhi nzima, na kinasa kilikuwa katikati yetu, mimi na yule mtoto. Lake lilikuwa kimya. Jana nilimweleza Masikio. Hakushtuka. Alisema baada ya msiba aliisikiliza tena ile sauti akalitambua tumbo langu, kwa kuwa kila jioni hulaza kichwa hapo. Akanisihi ninyamaze, angalau mmoja wetu abaki na kazi.

Dada, hakuna aliyewahi kunipenda hivyo, na siwezi kupendwa kwa bei hiyo. Kesho asubuhi nakwenda kwa daktari mkuu, kisha kwa yule mama. Masikio hajui bado. Naogopa uso wake kuliko polisi.

Nibusie watoto, mwambie shemeji namheshimu sana. Wakiniacha huru, mwezi huu hautakwisha sijafika kwako, tukiwa wawili au peke yangu na begi langu.

Mdogo wako akupendaye