Mbegu Zilizolala Kwenye Chumvi

Nyakitonto, Kasulu

Kaka yangu Nduwayezu,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini u mzima huko Kibondo na kazi ya uashi inakwenda. Sisi tunapumua. Mama mgongo unamsumbua, ila chakula anakula. Mimi nimechoka tu, kaka, na uchovu wenyewe si wa kufundisha.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu nimeishika mara tatu nikairudisha mfukoni.

Bondeni kwetu hakujaota kitu. Majirani wameshapandikiza mpunga, kitalu chetu kimebaki tope. Esteri jirani ametugawia mbegu kidogo, lakini ile aliyotuachia marehemu baba ndiyo imekwisha. Mama anasema mkono wa shemeji Maximilla una mkosi, na tangu ulipomfokea kwamba hajui kutunza mbegu, akarudi kwao Kasanda, hakuna anayembishia mama.

Sasa nikueleze. Unajua nafundisha fizikia. Yai bichi ukilitia kwenye maji matupu linazama, kwa sababu ni zito kuliko maji yanayoweza kukaa mahali pake. Ongeza chumvi, maji yanakuwa mazito, yai linaelea. Hapo ukimimina mpunga, punje tupu huelea ukazitupa, zilizojaa huzama. Hizo unazisuuza palepale. Shemeji alitaka kupepeta kwa ungo kama siku zote. Nilimcheka, nikamwambia ungo haujui uzito.

Nikatia mbegu yote kwenye ndoo. Zilizama vizuri, nikajiona bingwa. Kabla sijazisuuza nikaitwa mjini Kasulu kusimamia mtihani, nikakaa siku tatu.

Kaka, shemeji alinipigia mara mbili kuuliza kama azitoe. Nilimjibu asiguse, mimi ndiye niliyesoma. Akatii. Niliporudi nilishuku kwamba chumvi imeziua, lakini niliona aibu, nikazimwaga kitaluni hivyo hivyo.

Siku ile ulipokuja nyumbani ukamfokea mbele ya mama, alinitazama mimi, akingoja niseme. Nikainamia uji wangu. Aliponiona nimeinama, akaingia ndani kufungasha kanga zake. Wewe ulidhani ni kiburi. Nimekukosea, kaka, na yeye nimemkosea zaidi.

Jumamosi nitapita kwako na pombe ya ndizi, twende Kasanda kama desturi inavyotaka. Najua mbele ya baba mkwe anayetaja kosa ni mume. Safari hii niachie nilitaje mimi, kisha wewe uombe radhi yako ya kumfokea.

Wasalimie mafundi wenzako. Mama anakusalimu sana. Yeye nitamwambia ukweli nikishaifunga barua hii.

Jana nilijikaza nikampigia shemeji. Kwao hajawaambia sababu ya kurudi. Nilimwomba radhi mpaka maneno yakaniishia, naye hakunitukana. Aliuliza tu kama mama amepata mbegu.

Ni mimi mdogo wako,
Irakoze