Kopo Ulilong'oa kwenye Lori la Mama Nyambura

Kariuki,

Sikuulizi hali, Mama ameshaniambia umenenepa. Mimi huku Ujerumani naendelea, ila baridi imenishika kifua. Simu zangu umezikata mara nne, kwa hivyo nimeandika, na barua nimeipitishia kwa Mama ili usije ukasema haikukufikia.

Wiki jana nilipigiwa na mwanamke nisiyemjua, Mama Nyambura, anayenunua viazi Dundori na kuvileta Nakuru kwa lori lake.

"Wewe ndiye dokta wa moshi?"

"Dokta gani, mama?"

"Kariuki wa gereji alinionyesha picha yako na koti jeupe. Akasema umesema lile kopo la ekzosi linakula dizeli bure, litolewe."

"Sijawahi kusema hivyo."

"Basi mbona limetolewa? Vijana wangu wakipakia viazi nyuma ya lori, macho yanawawasha mpaka wanalia."

Kariuki, kusafisha moshi huo ndiyo kazi yangu! Miaka mitatu nimekaa mbele ya kipande cha platinamu kama ukucha. Naipitishia amonia na nitriki oksaidi, napasha moto, naangalia zinavyoshikana juu yake zikatoka kama naitrojeni na mvuke wa maji. Moto ukiwa mdogo, oksaidi inajaza nafasi zote, amonia inakosa pa kukaa. Ukizidi, amonia yenyewe inaungua na kuwa sumu nyingine. Ndani ya kopo ulilong'oa kuna platinamu hiyo hiyo, kwa kazi hiyo hiyo. Tena uliling'oa ukaacha yurea, ile dawa inayogeuka amonia kwa joto, ikinyunyiziwa kwenye moshi! Amonia inatoka mbichi, kali kuliko banda la kuku lisilofagiliwa, na wale vijana wanaivuta.

Unadhani ni mchezo? Mwezi uliopita bomba la oksaidi liliachia hapa maabarani. Haina rangi, lakini ikikutana na hewa inageuka kahawia. Mimi nilikimbia. Mwenzangu Emre, tunayetumia meza moja, alicheka, akasema ni kidogo tu. Jioni alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Alilazwa siku tano. Nilimshika mkono kwenye gari la wagonjwa nikisikia kifua chake kinakoroma.

Halafu wewe unatumia uso wangu kuwaondolea watu kinga yao. Picha ile nilikutumia siku niliyofaulu, saa ile ile, hata kabla ya Mama. Nilitaka wewe uione kwanza.

Nimemwandikia Mama Nyambura, nimetia sahihi, kwamba ulinisingizia. Awaonyeshe madereva wote anaotaka. Kopo najua ulimuuzia mnunuzi wa vyuma kwa ajili ya hiyo platinamu. Lifuate, hata kama limeshakatwa. Na Jumatatu Mama Nyambura anakuja gerejini na Kibet wa Rongai, yule aliyejifunza ufundi kwa Baba. Mimi ndiye niliyempigia. Atafunga kopo jipya, na wewe utasimama hapo umshikie taa, mbele ya wateja wako.

Msalimie Mama, asiache dawa ya presha. Msalimie shangazi yetu wa Longonot. Mkeo mwambie sina neno naye, na watoto wasicheze karibu na lori likinguruma.

Usinijibu kwa kuomba msamaha. Kawaombe vijana wa viazi, mmoja mmoja, kwa majina yao. Mama Nyambura ataniambia kama ulifika.

Dada yako, kwa kuwa hilo siwezi kulibadilisha,
Wanjiru