Sauti ya Edani

Azaiba, Maskati
7 Februari 2025

Bibi Shaikha,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Miguu vipi na joto hilo la kaskazi? Sisi wazima, Mama tu ana mafua.

Nnakuandikia kwa sababu kwa mdomo siwezi. Unanijua, hata skuli najibu kwa kichwa, kiwe Kiarabu, kiwe Kiingereza. Lakini chumbani nnatengeneza muziki peke yangu: gitaa la umeme, ngoma za kompyuta, makelele. Jina nimejipa jingine. Anayejua ni Balqees tu, binti ya ami.

Bibi, ule wimbo ulioniimbia kwa ujumbe wa sauti kwenye simu ulipokuwa eda ya Babu, ule aliokuwa akikuomba kila Alkhamisi, niliutia kwa sauti yako hiyohiyo kwenye muziki wangu nikauweka mtandaoni. Nilidhani hatosikia mtu. Sasa wanaupiga mpaka mikahawani. Sikukuuliza. Nnaona haya hata kuandika.

Mjukuu wako,
Ghadeer

Malindi, Unguja
16 Februari 2025

Mjukuu wangu,

Alaykumu salaam, marahaba. Miguu inauma, ndo kazi yake. Mama yako anywe tangawizi.

Nshajua. Tulikuwa kwenye hitma kwa Bi Sabah, mkwewe akafungua simu: "Bibi, si wewe huyu?" Watu wakanigeukia. Bi Sabah akasema, "Kumbe sisi tunampelekea uji mjane, mwenzetu yumo studio." Wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Mjane hakai eda akaimba, mwanangu. Nilikuimbia wewe kwa kuwa ulikuwa unamlilia Babu yako, huwezi kulala.

Nnaandika kwa kidole kimoja. Nimechoka.

Bibi yako

Azaiba
20 Februari 2025

Bibi,

Shikamoo. Mama kapona, tangawizi imefanya kazi.

Wimbo nimeufuta. Ila nimealikwa kupiga mbele ya watu, mara yangu ya kwanza, baada ya Idi. Walionialika wanautaka huohuo. Nitaupiga bila sauti yako. Balqees anasema, "Ukimtoa Bibi, hapo panabaki fundi anatoboa ukuta." Sawa tu.

Nitumie sauti, Bibi. Hata ya kunigombeza.

Ghadeer wako

Azaiba
19 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo. Hukunijibu, natumai ni Ramadhani tu na uchovu, si maradhi.

Nilipiga. Pale unapoingia wewe nikazima kila kitu, nikaacha kimya. Ukumbi mzima ukaimba. Watu nisiowajua, maneno yako, na pale ulipokatika pumzi, nao wakakatika. Wamekuhifadhi, Bibi. Sina tena cha kufuta.

Na la aibu zaidi: nilifurahi. Niliinama kama natengeneza waya, kumbe natabasamu.

Nitumie sauti, tafadhali.

Ghadeer

Malindi
2 Mei 2025

Ghadeer,

Marahaba. Miguu haijambo, mvua imepoza.

Radhi yangu unayo, usilie. Lakini sauti usinidai. Kila nikibonyeza simu niseme nawe, nnauona ule ukumbi umekaa unasikiliza. Nitakuwa nnakuandikia.

Ule wimbo una ubeti wa pili, hukuusikia. Huo nimemwachia Babu yako.

Bibi yako