Shikamoo Mbele ya Chenso

Somoe, uko wapi? Pokea simu! Nisamehe nikikosea kuandika, nina hasira.

Leo Fikirini, yule fundi wa chenso wa Nanganga, alikuja na msumeno wake wa mashine kutukatia ule mkorosho uliokauka nyuma ya nyumba. Mtu makini. Kavaa buti, kaziba masikio, kazungushia kamba, katuambia hakuna kuvuka mpaka azime mashine.

Nani kavuka? Baba mkwe. Mzee Ambrosi!

Kaja kwa nyuma, chenso inanguruma, kamgonga Fikirini begani na fimbo: "Kijana, mbona huniamkii?"

HUNIAMKII, Somoe! Mtu kashika chenso inayowaka!

Fikirini kashtuka, kageuka nayo. Mimi nilishakimbia kumvuta mzee. Mnyororo umepita hapa, karibu kabisa na goti langu. Umekamata kanga, ukaitafuna mpaka mashine ikazima. Ile kanga uliyoninunulia Masasi. Nikapiga kelele, "Baba, toka hapo!"

Sasa unajua kesi ni nini? Si chenso. Kesi ni mimi kumfokea mkwe mbele ya watu. Mume wangu ananiambia nikaombe radhi. Mimi!

Nimeenda. Nimepiga goti, goti lilelile. Nikasema, "Shikamoo, baba."

Kaitika, "Marahaba, mwanangu," uso unang'aa. Halafu kamgeukia Fikirini, ambaye bado anachomoa nyuzi za kanga kwenye mnyororo: "Umeona? Hivyo ndivyo watu wanavyoamkia."