Jina Lililoningoja Simuni

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo, ila pasi ya hapa kwa dobi imenibabua kidole, basi usiucheke mwandiko. Nisingekusumbua kwa barua kama ungepokea simu zangu.

Ile simu yangu ya kupangusa ilitumbukia kwenye ndoo ya wanga, ikafa papo hapo. Uwezo wa kununua nyingine sina, nikachukua hii ya vitufe, namba ni ile ile. Tajiri naye akaniondoa kaunta, maana wateja siku hizi hutuma oda kwa picha. Niko chumba cha nyuma, mimi na mvuke.

Jana binamu yetu alileta suti, akanisalimu kwa ncha za vidole. Nilipombana, akanifungulia grupu la familia kwenye simu yake. Nikamwona mwanao mchanga, kakunja ngumi. Umeandika kwamba umempa jina langu, unangoja baraka zangu. Chini yake ukoo mzima unaniita: "Dada, sema neno." Mwishowe ukaandika umembadilishia jina, kwa kuwa mwenye jina ana kiburi.

Mdogo wangu, mimi hata mimba sikuijua. Wote mliniandikia, hakuna aliyenipigia.

Jina jipya ni zuri, aishi nalo. Ila kisimu changu, ingawa hakionyeshi picha, kinalia. Nimekiweka kando ya pasi, sauti juu kabisa. Piga, hata ukitaka kunigombeza. Ukikosa la kusema, msogeze mtoto karibu na simu, alie tu, nimsikie.

Dada yako,
niliyekuwa hewani siku zote